Taa ya Baiskeli Inayotosha Usiku: Mwongozo Kamili wa Kuchagua, Kupima na Kuielekeza

Malalamiko ni yale yale kila mara. Mtu kanunua taa iliyoandikwa lumeni 2000 (lumeni ni kipimo cha mwanga) kwenye boksi, kaifunga kwenye usukani, na bado shimo analiona likiwa tayari chini ya tairi la mbele. Mwingine huona vizuri kwa dakika 20, kisha mwanga unapungua taratibu bila yeye kugundua, hadi anapopanda jiwe. Wa tatu anaona kila kitu, lakini kila anayepishana naye humpigia honi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejiuliza kwanza anahitaji kuona mita ngapi mbele.

Taa inatosha pale unapoweza kukiona kitu ukiwa bado na nafasi ya kusimama kabla ya kukifikia. Kila kitu katika mwongozo huu kinatokana na hilo. Fuata hatua kwa mpangilio, na usiiruke hatua ya 2 hata kama una haraka ya kununua, kwa sababu ndiyo inayoamua zinazofuata.

## Vitu vya kuandaa

- Tepu ya kupimia, angalau ya mita 5
- Chaki au selotepu ya kuweka alama ukutani
- Ukuta wa rangi nyepesi wenye mita 5 za sakafu tambarare mbele yake
- Simu yenye programu ya kupima luksi, yaani mwanga unaofika mahali fulani
- Feni ndogo
- Mizani ya jikoni
- Vipande viwili vya kadibodi, kila kimoja sentimita 30 kwa 30, vyenye rangi ya kijivu au kahawia
- Kipande cha njia yenye giza, isiyo na magari, cha mita 50 hivi
- Mtu wa kukusaidia

Simu si kipimo cha maabara. Simu mbili zinaweza kutoa namba tofauti kwa taa ile ile. Hapa tunaitumia kulinganisha tu: taa hii na ile, au taa moja sasa na baada ya nusu saa. Kwa kazi hiyo inafaa, mradi utumie simu ile ile kila mara.

## Hatua ya 1: Tenganisha kuona na kuonekana

Kwenye barabara yenye taa za mitaani, barabara tayari unaiona. Unachohitaji ni wengine wakuone wewe, na kwa hilo taa ya lumeni 50 hadi 200 inatosha kabisa. Kuongeza zaidi ya hapo ni kuwaudhi watu.

Kwenye giza, taa yako ndiyo macho yako. Taa ndogo za kuonekana, zile za ukubwa wa kidole gumba, hazitafanya kazi hiyo hata ukifunga tatu. Ikiwa safari yako ina sehemu zote mbili, nunua kwa ajili ya sehemu yenye giza, kisha hakikisha taa hiyo ina kiwango cha chini cha kutumia mjini.

## Hatua ya 2: Jua unasimama baada ya mita ngapi

Safari ya kusimama ina vipande viwili. Kwanza ni mita unazosonga kabla hujagusa breki: jicho limeona, akili imeelewa, mkono umefika. Usiku hesabu sekunde moja na nusu. Zidisha mwendo wako wa kilomita kwa saa kwa 0.42, utapata mita za kipande hiki. Kipande cha pili ni mita za breki zenyewe, na hizi hutegemea sana ardhi unayopita.

Makadirio haya yanachukulia breki nzima na njia tambarare. Namba ya kwanza ni lami kavu, ya pili ni changarawe au njia yenye utelezi:

- Kilomita 15 kwa saa: mita 8 / mita 11
- Kilomita 20 kwa saa: mita 12 / mita 16
- Kilomita 25 kwa saa: mita 16 / mita 22
- Kilomita 30 kwa saa: mita 21 / mita 30
- Kilomita 40 kwa saa: mita 32 / mita 48

Ongeza theluthi moja juu ya namba yako, kwa sababu ya mzigo, breki zilizolika, mteremko na uchovu. Anayekwenda kilomita 20 kwa saa kwenye changarawe atafute taa itakayomwonyesha jiwe lililo mita 21 mbele. Anayeshuka mlima kwa kilomita 40 kwa saa kwenye lami kavu anahitaji zaidi ya mita 42. Hizo ni taa mbili tofauti kabisa, ingawa wauzaji wengi watawapa wote wawili taa moja.

Ukitaka namba ya baiskeli yako mwenyewe, iendeshe mchana katika mwendo wako wa kawaida, funga breki kwa nguvu kwenye alama ya chaki, pima ulipofikia, kisha ongeza mita za kipande cha kwanza.

Umefaulu ikiwa una namba moja ya mita iliyoandikwa. Iandike. Utaihitaji mara tatu zaidi.

## Hatua ya 3: Elewa namba za kwenye boksi

Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa, uende unakokwenda: barabarani, kwenye majani ya miti, machoni mwa watu. Luksi ni mwanga unaofika mahali fulani, kwa kila mita ya mraba. Kandela ni ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja. Mbili za mwisho zimefungamana: gawanya kandela kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe, utapata luksi.

Tuchukue taa inayotoa luksi 80 kwa mita 10. Hiyo ni kandela 8000. Kwa mita 20 zinabaki luksi 20. Kwa mita 40, luksi 5. Kwa mita 80, moja na kitu. Kila umbali ukizidi mara mbili, mwanga hupungua mara nne. Ndiyo maana kuongeza lumeni mara mbili hakukupi kuona mbali mara mbili. Ukiacha umbo la mwanga lilivyo, umbali huongezeka kwa asilimia 40 hivi tu.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi. Taa iliyo mita 1 juu ya ardhi inaimulika barabara kwa mshazari. Zile luksi 20 za mita 20 ni za ukuta unaoikabili taa. Zikimwagika kwenye lami iliyolala, zinatandazwa kwenye eneo kubwa mara 20 hivi, kwa hiyo lami yenyewe inapata kama luksi 1. Taa iliyong'arisha ukuta wa duka inaweza kabisa kukuacha gizani barabarani, na haina hitilafu yoyote.

Onyo kuhusu "umbali wa mwanga". Kwenye taa nyingi, umbali unaoandikwa umepimwa kwa kiwango cha Marekani kiitwacho ANSI FL1, ambacho huhesabu hadi pale mwanga unapobaki luksi 0.25, yaani takriban mbalamwezi. Taa yetu ya kandela 8000 ingeandikwa karibu mita 179. Kwa mwendesha baiskeli, mahali pa maana ni pale zinapobaki luksi 5, na hapo ni mita 40. Kanuni rahisi: gawanya umbali wa boksi kwa 4 na nusu. Kisha linganisha na namba yako ya hatua ya 2.

Namba ya luksi isiyotaja umbali haina maana. Taa yoyote ina luksi nyingi ukiiweka karibu vya kutosha.

## Hatua ya 4: Chagua umbo la mwanga

Hapa ndipo taa ya lumeni 400 inapoishinda ya lumeni 1000. Maumbo ni mawili makubwa.

Mwanga wa duara. Una kiini chenye mng'ao katikati na ukungu wa mwanga pembeni. Nusu yake huenda juu, mahali ambapo hakuna barabara. Unafaa porini na kwenye njia za milimani, ambako matawi yapo usawa wa uso na hakuna mtu wa kumpofusha. Barabarani una kasoro mbili: unaumiza macho ya wanaokuja, na sehemu ya karibu na tairi inang'aa kupita kiasi. Jicho hujirekebisha kulingana na kinachong'aa zaidi, kwa hiyo mita 3 zinazowaka kama mchana zinaififisha mita ya 25.

Mwanga uliokatwa juu. Ukiupiga ukutani utaona mstari ulionyooka. Chini yake kuna mwanga, juu yake giza. Kioo chake hupeleka mwanga mwingi zaidi mbali na kidogo karibu, hivyo barabara inaonekana sawasawa kuanzia mbele ya tairi hadi mbali. Kanuni za Ujerumani, zinazojulikana kama StVZO, zinataka taa ya mbele itoe angalau luksi 10 kwa mita 10 na zinabana mwanga unaopanda juu ya mstari huo. Ukiona alama hiyo kwenye taa, jua umbo ndilo hili. Luksi 10 ni kima cha chini cha kisheria tu. Kwa giza totoro usikubali chini ya 30.

Kwa barabara na njia za lami tunapendekeza mwanga uliokatwa bila kusita. Hasara yake ipo: tawi linaloning'inia usawa wa kichwa hutaliona.

Angalia pia upana. Taa nyembamba kama fimbo huonyesha mbali ila hukuacha gizani kwenye kona. Kwa mita 10 mbele, mwanga wenye manufaa uwe na upana wa mita 4 au zaidi.

## Hatua ya 5: Linganisha njia yako na kiwango

- Mjini, taa za mitaani zinawaka: lumeni 50 hadi 200, umbo lolote lisilopofusha.
- Njia ya lami yenye giza, hadi kilomita 25 kwa saa: lumeni 300 hadi 500 kwa mwanga uliokatwa (luksi 40 hadi 60 kwa mita 10), au 500 hadi 800 kwa mwanga wa duara.
- Barabara yenye giza, kilomita 30 kwa saa na zaidi, au miteremko: luksi 80 hadi 100 kwa mita 10, au lumeni 800 hadi 1200.
- Changarawe na vumbi: chukua kiwango cha barabara yenye giza, lakini zingatia upana kuliko umbali. Mashimo yako pembeni pia.
- Njia za msituni zenye mizizi na mawe: lumeni 1000 hadi 1500 kwenye usukani, pamoja na 500 hadi 800 kwenye helmeti.

Kwa nini mbili msituni? Taa ya usukani iko chini ya macho, hivyo jiwe hutupa kivuli nyuma yake unachokiona, na kivuli ndicho kinachokuambia jiwe lina urefu gani. Taa ya helmeti iko karibu na jicho. Vivuli hupotea na ardhi huonekana bapa. Lakini ya helmeti hugeuka unakotazama, hivyo inaona kona kabla ya usukani. Kila moja inaziba pengo la mwenzake. Ukiwa na moja tu, iweke kwenye usukani. Kwenye ukungu au vumbi zima ya helmeti kabisa, maana mwanga wake hugonga matone na kurudi moja kwa moja machoni.

## Hatua ya 6: Piga hesabu ya betri

Uongo mwingi wa taa za baiskeli hukamatwa hapa, kwa kuzidisha na kugawanya tu. Hauhitaji kuifungua taa.

Tafuta wati-saa (Wh) za betri, yaani kiasi cha umeme uliomo ndani. Zisipoandikwa, chukua miliampia-saa (mAh), gawanya kwa 1000, zidisha kwa volti. Seli ya lithiamu moja ina volti 3.6 hadi 3.7. Betri ya miliampia-saa 5000 yenye volti 3.6 ina wati-saa 18.

Taa nzuri ya LED hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati, ukishahesabu upotevu wa kioo na saketi. Basi:

Saa za kuwaka = wati-saa × 100 ÷ lumeni

Betri hiyo ya wati-saa 18 kwa lumeni 600 inakupa saa 3. Kwa lumeni 1200, saa moja na nusu. Taa bora sana zinaweza kuzidi kidogo. Hakuna inayozidi mara tano.

Sasa jaribu tangazo la kawaida: "lumeni 3000, saa 6, betri ya miliampia-saa 2000". Betri ina wati-saa 7.4. Kinachohitajika ni wati 30 kwa saa 6, yaani wati-saa 180. Mtengenezaji anadai umeme mara 24 ya alionao. Hapo lumeni ni za uongo, au saa 6 ni za kiwango cha chini kabisa, na mara nyingi ni yote mawili.

Ishara nyingine za kukataa:

- Seli ya aina ya 18650 (kipenyo milimita 18, urefu milimita 65) iliyoandikwa zaidi ya miliampia-saa 3600 hivi. Ukiona 9900, iache hapo hapo.
- Uzito usiolingana. Seli ya 18650 pekee ina gramu 45 hadi 50. Taa nzima ya gramu 70 inayodai seli mbili ndani haina seli mbili.
- Lumeni zimeandikwa, lakini saa za kila kiwango hazikuandikwa.

Hata saa za mtengenezaji mwaminifu zisome kwa makini. Chini ya ANSI FL1, muda huhesabiwa hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ulioanza nao. Taa ya lumeni 1000 inaweza kuwaka kwa nguvu zote dakika 30, ikajishusha hadi 300, ikajikokota hadi saa 4, na boksi likaandika saa 4 kihalali.

Zidisha muda wa safari yako kwa 2. Betri huchoka kwa matumizi, na baridi huipunguzia nguvu zaidi. Safari ya saa moja na nusu inataka taa ya saa 3 katika kiwango utakachokitumia, si katika kiwango cha chini.

Kama unasafiri gizani kila siku, fikiria dainamo ya kwenye habu ya gurudumu. Ya kawaida hutoa volti 6 na wati 3, inatosha taa ya mbele na ya nyuma za LED, na haiishi chaji. Mwanga hupungua ukienda polepole sana. Chagua taa yenye akiba ya ndani inayoendelea kuwaka dakika kadhaa baada ya kusimama, la sivyo utazimika kwenye kila makutano.

## Hatua ya 7: Kagua mwili wa taa

Joto. LED yenye nguvu hutoa joto, na joto likizidi saketi hupunguza mwanga ili isiungue. Taa ya lumeni 800 na zaidi iwe na mwili wa alumini, ikiwezekana wenye mapezi. Mwili wa plastiki mtupu kwa nguvu hiyo ni dalili ya lumeni za dakika tano.

Maji. Alama ya IPX huonyesha taa inahimili maji kiasi gani. IPX4 huhimili marasharasha kutoka pande zote, na ni kima cha chini. IPX6 huhimili maji ya kasi. IPX7 ni kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Vyovyote ilivyoandikwa, tazama kifuniko cha tundu la kuchajia: kama mpira wake ni mlegevu dukani, mvua itaingia.

Kishikio. Pima kipenyo cha usukani mahali utakapofunga. Vya kawaida ni milimita 22.2, 25.4, 31.8 na 35. Kishikio cha mpira kinafaa taa nyepesi. Inayozidi gramu 150 hivi itaanza kuinama kwenye matuta, kwa hiyo tafuta cha skrubu.

Kitufe. Hili halipewi uzito wake. Kuna taa ambazo ukitaka kushuka kutoka kiwango cha juu hadi cha kati lazima upite kwenye kuzima au kumetameta. Ukiwa kwenye mteremko, sekunde ya giza ni ndefu. Jaribu kitufe ukiwa umevaa glavu, na hesabu mibonyezo.

## Hatua ya 8: Pima nyumbani kabla muda wa kurudisha haujapita

1. Chaji taa hadi ijae.
2. Iweke mita 5 kutoka kwenye simu, chumbani gizani, kiini cha mwanga kikielekea kwenye kihisi cha simu. Kihisi kwa kawaida kiko juu ya skrini, karibu na spika ya masikioni. Sogeza kidole kufunika hadi uone namba ikianguka.
3. Andika luksi. Gawanya kwa 4 upate makadirio ya luksi za mita 10.
4. Washa feni ipulize taa, kama upepo wa safari. Bila feni taa nyingi nzuri hujishusha mapema, na utazihukumu kwa dhuluma.
5. Bila kugusa chochote, andika namba tena kila baada ya dakika 10, hadi taa izime au ifike chini ya robo ya mwanzo.

Onyo. Usiiache taa yenye nguvu ikiwaka bila mtu, wala kuifunika au kuilaza kifudifudi juu ya kitambaa. Usiangalie ndani ya kioo.

Umefaulu ikiwa kwa muda wote wa safari yako namba haikushuka chini ya theluthi mbili za ile ya mwanzo. Ikishuka zaidi, rudia kwa kiwango cha kati: taa nyingi za lumeni 1200 hufanya kazi ya kweli kwa 600. Kama hizo 600 zinatosha kwa hatua ya 5, baki nayo.

## Hatua ya 9: Ielekeze kwa kipimo

Taa nzuri iliyoelekezwa vibaya ni taa mbaya. Kosa la kawaida ni kuifunga, kuitazama ukiwa umesimama kando ya baiskeli, na kuondoka.

1. Jaza tairi upepo, simamisha baiskeli wima, taa ikiwa mita 5 kutoka ukutani. Mtu mmoja akalie siti, kwa sababu uzito hubadilisha mwinamo.
2. Pima urefu wa taa kutoka ardhini. Weka alama ukutani kwa urefu huo huo.
3. Kwa mwanga wa duara: kiini kishuke chini ya alama kwa kiasi hiki: urefu wa taa × 5 ÷ mita zako za hatua ya 2. Taa ya sentimita 100 kwa mita 20 inashuka sentimita 25. Kwa mita 30, sentimita 17.
4. Kwa mwanga uliokatwa: ukingo wa juu ukae sentimita 5 hadi 10 chini ya alama. Sentimita 10 maana yake ukingo unagusa barabara mita 50 mbele.
5. Kaza. Sukuma taa kwa kidole. Ikisogea, weka kipande cha mpira wa tyubu kuukuu chini ya kishikio na ukaze tena.

Onyo. Taa ya mwanga uliokatwa usiining'inize chini ya usukani kichwa chini, isipokuwa mtengenezaji amesema inaruhusiwa. Mkato utageuka, na mwanga wote utawapanda watu usoni.

## Hatua ya 10: Jaribio la kadibodi

Nenda kwenye njia yako ya giza. Kaa dakika 10 macho yazoee. Msaidizi aweke kadibodi moja ikiwa imelala chini, kwenye umbali wa hatua ya 2, na nyingine umbali huo huo ila mita 2 pembeni. Tumetaka kijivu au kahawia kwa sababu vitu vinavyoangusha watu havina rangi nyeupe: ni kipande cha tairi, mbwa aliyelala, kifuniko cha mtaro kilichoondolewa.

Keti kwenye siti. Unaviona vyote viwili? Endesha kuvielekea kwa mwendo wako wa kawaida na useme "naona" mara vitakapojitokeza. Msaidizi apime mita zilizobaki. Rudia akiwa amevihamisha bila kukuambia.

Kisha mbadilishane. Yeye aendeshe, wewe simama mita 20 mbele, upande wa anayekuja. Ukilazimika kugeuza uso, shusha taa sentimita chache na uanze tena jaribio la kadibodi.

Umefaulu ikiwa uliona kadibodi zote mbili kabla ya umbali wako na hukupofushwa ulipobadilishana nafasi.

## Hatua ya 11: Taa ya nyuma

Hii ni fupi. Nyekundu, imenyooka sambamba na barabara, haijafunikwa na koti wala begi. Lumeni 5 hadi 20 za kuwaka mfululizo zinatosha gizani; zile za 100 ni za mchana, na usiku humfanya anayekufuata akose kukadiria uko umbali gani. Kumetameta pia kunamsumbua kwa namna hiyo hiyo, na kuna nchi, Ujerumani ikiwemo, ambako taa ya baiskeli inayometameta hairuhusiwi barabarani. Weka kiakisi mwanga chekundu pia, kwa sababu hakiishi chaji.

## Ikiwa bado mambo hayaendi

Mwanga ni mkali karibu, giza mbali. Imeinama mno, au ni ya duara pana. Rudi hatua ya 9. Ikishindikana, punguza kiwango cha taa: mara nyingine kushusha mng'ao wa karibu kunakurudishia mbali.

Inatikisika na kuzimika kwenye matuta. Seli inacheza ndani au kiungo cha waya kimelegea. Futa miguso ya shaba kwa kitambaa kikavu, nyosha springi kidogo.

Mvua ikinyesha lami inapotea. Lami yenye maji huakisi mwanga kwenda mbele badala ya kuurudisha kwako. Hakuna taa inayoondoa hilo kabisa. Punguza mwendo, na mita unazohitaji zitapungua nazo.

Muda umepungua kuliko ilipokuwa mpya. Rudia hatua ya 8 na ulinganishe na namba ulizoandika. Ikiwa imepoteza zaidi ya theluthi, badilisha seli kama inabadilishika. Seli iliyovimba au inayopata moto ikiwa haifanyi kazi usiichaji tena. Ipeleke wanakopokea betri chakavu.

Haijai chaji wakati wa baridi kali. Lithiamu haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0 za selsiasi. Iingize ndani, isubiri ipate joto la chumba, ndipo uichomeke. Kama utaiweka kwa miezi bila kuitumia, iache ikiwa na chaji ya nusu hivi, mahali pakavu pasipo na jua.